Viatu Mezani

Ukimsalimu Mama Majaribio, alinyamaza kwanza. Huku kwetu jambo hilo linatisha. Msukuma akisalimiwa anaitika papo hapo, hata kama nyumbani kwake kuna msiba. Unamuuliza, "Mhola?" naye anakujibu, "Mhola duhu," yaani salama tu, halafu ndipo anaanza kukueleza kwamba ng'ombe wameibwa na mtoto amelazwa. Mama Majaribio hakuitika hivyo. Alikutazama, akawaza kama kweli kwake ni salama, ndipo akajibu. Siku ya kwanza niliyomsalimu nilidhani nimemkosea adabu, au amefiwa. Vijana wa bodaboda waliokuwa na kijiwe mbele ya ofisi yetu walikuwa na maelezo yao: walisema ni mchawi, na walipomwona anakuja walijifanya wanapekua simu ili wasianze kumsalimu.

Jina hilo tulimpa sisi, kwa sababu ya kazi yake. Tulikuwa na chumba kimoja pale Somanda, njia ya kwenda hospitali, tukiandika programu za kompyuta kwa yeyote aliyezihitaji. Mimi niliandika, yeye alizijaribu kabla hazijatoka mlangoni, na kuzijaribu kwake kulikuwa ni kuzivunja. Kazi yetu kubwa kuliko zote ilikuwa programu ya kuwashia mashine katika kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, nje kidogo ya mji wa Bariadi. Haikuwa na picha wala vitufe vya rangi. Ilikuwa skrini nyeusi na maandishi meupe. Inauliza swali, mtu wa mezani anajibu kwa kibodi, inauliza lingine, na majibu yote yakiwa sawa mashine inawaka.

Mashine yenyewe ni misumeno ya duara, mingi, imepangwa safu moja ndani ya tumbo la chuma, nayo inanyofoa pamba kutoka kwenye mbegu. Pamba ikinasa, mtu anaingia kwenye tumbo hilo kuitoa kwa mikono. Mmoja wa waliokuwa wakiingia ni mdogo wangu, tumbo moja, niliyemtoa mwenyewe kwetu Malampaka na kumtafutia kazi hiyo. Kwa hiyo mtanielewa nikisema kwamba niliiogopa programu niliyoiandika kwa vidole vyangu. Kila ilipouliza, "Watu wote wametoka?" mimi nilimwona yeye.

Mama Majaribio hakuwa mwoga wa mambo mengine. Alikuwa na pikipiki ya zamani, na aliiendesha kati ya magari ya mizigo kana kwamba barabara ni ya baba yake. Mara moja alinipakia kwenda kiwandani, nikafika nimekufa nusu. Nyumba yake haikuwa na kufuli. Kanisani alikaa benchi la mbele na kuimba kwa sauti mbaya bila aibu. Lakini ukimweka mbele ya skrini nyeusi yenye swali moja linalosubiri, mikono yake ililoa jasho. Alikuwa na kitambaa cha kufutia kibodi, na sisi tuliocheka tulicheka kwa siri.

"Unaogopa nini, Mama?" nilimuuliza siku moja.

"Hiki kitu hakina uso," alisema. "Mtu akikuuliza, unamwona kama amekuelewa. Hiki kinaamini chochote."

Jambo la ajabu ni kwamba na binadamu hakuwa na subira hata kidogo. Alikukatiza katikati ya sentensi, akakumalizia, akajibu alichodhani ungeuliza, na mara nyingi alikosea. Ukitaka kumwambia kwamba umeme umekatika, kabla hujafika neno la pili alishakwambia kwamba chai imekwisha na sukari ununue wewe. Mume wake, mzee mpole wa Nkololo mwenye ng'ombe zake, aliniambia kwamba tangu waoane hajawahi kumaliza hadithi hata moja mbele ya mke wake. Subira yote aliyopewa na Mungu ilikwenda kwa mashine.

Sasa, programu yenye maswali haiwezi kujaribiwa na mtu siku nzima. Vidole vinachoka, akili inalala, na mtu aliyechoka anaona kile anachotarajia kukiona. Kwa hiyo Mama Majaribio aliandika programu nyingine ndogo, inayokaa mahali pa mtu. Ilisoma skrini, ikasubiri swali litokeze, ikaandika jibu, ikasubiri tena, na mwisho ikaeleza kama kila kitu kilikwenda inavyotakiwa. Aliipa jina Mkwilima, ambalo huku ndilo tunalomwita mume wa binti. Mkwilima akiwa ukweni hakatai kitu. Akiulizwa kama ameshiba, ameshiba. Akiulizwa kama chakula kina chumvi, kina chumvi. Programu ile nayo ilijua majibu ya kumpendeza mama mkwe, ikayatoa asubuhi hadi jioni bila kuchoka.

Mkwilima hakuunganishwa na misumeno. Pale Somanda tulikuwa na sanduku la mbao lenye taa ndogo, kila taa badala ya mota moja. Taa ikiwaka, maana yake mota ingewaka. Taa ya misumeno ilikuwa nyekundu, na Mama Majaribio aliichagua rangi hiyo mwenyewe.

Siku moja umeme ulikuwa mdogo, kompyuta inajivuta, nasi tumekaa tunakula mihogo. Mkwilima alikuwa akiendelea na kazi. Ghafla taa nyekundu ikawaka. Nilitazama skrini, na swali la kama watu wametoka lilikuwa bado halijaandikwa. Liliandikwa baadaye, mbele ya macho yetu, chini ya taa iliyokwisha kuwaka. Mama Majaribio aliweka muhogo chini, akatoka nje, akashika ukuta. Nilimfuata nikamkuta bado ameushika, na vijana wa bodaboda wameacha simu zao wanamtazama.

"Jibu lilikuwa limefika," aliniambia. "Lilikuwa linasubiri mlangoni. Swali lilipoanza kuja likakuta limeshajibiwa."

Ilichukua jioni ile kuelewa. Katika toleo lile la kwanza, Mkwilima alikuwa anahesabu sekunde badala ya kusoma. Baada ya muda fulani aliandika jibu, akiamini swali lishatokea. Kompyuta ilipokuwa nzito, jibu la swali la mafuta likaenda, na la watu likafuata nyuma yake, yote yakajipanga foleni, na programu yangu ikayapokea kwa zamu bila kujua yameandikwa lini. Kosa halikuwa la Mkwilima peke yake. Mtu wa mezani mwenye haraka, aliyeyazoea maswali kwa moyo, angefanya vilevile. Angeandika ndiyo, ndiyo, ndiyo, huku anaongea na mwenzake. Kuanzia siku hiyo alinilazimisha programu itupe kila kilichoandikwa kabla ya swali kumalizika, na Mkwilima akafundishwa kusoma. Neno lake likawa hilo: "Subiri uulizwe." Alilisema kwa kompyuta, kwa wanakwaya, na kwa mbuzi wake.

Alijaribu pia kila aina ya mtu. Alimwiga mtu aliyelewa, mtu mwenye nyuzi za pamba vidoleni anayebonyeza vitufe viwili kwa pamoja, mtu anayelaza kiwiko juu ya kibodi, mtu anayepiga Enta mfululizo kwa hasira. Nilikuwa nikifika asubuhi nakuta orodha ya namna alivyoniua usiku huo, nami naanza siku kwa kurekebisha.

Kitu kimoja hakukiwaza yeye, na mimi ndiye niliyekileta kwa ujinga wa kutaka kupendeza. Niliona programu ni kavu mno kwa wazee wa kiwandani. Nikaweka salamu mwanzoni: "Mwangaluka. Watu wote wametoka?" Mzee wa mezani aliipenda sana. Kila asubuhi akaitika kama alivyolelewa: aliandika "mhola", akapiga Enta, kabla hajafika kwenye maneno yaliyofuata. Programu haikulitambua neno hilo, ikamuuliza tena, akaitika tena. Mama Majaribio alikwenda kumtazama, akarudi uso umemsawijika.

"Umemsalimia," aliniambia. "Huku mtu akisalimiwa anaitika, hata awe usingizini. Siku utakapoifundisha hii kwamba mhola ni ndiyo, utaua mtu."

Na kweli nilikuwa nimekusudia kuifundisha hivyo siku iliyofuata, kumrahisishia mzee. Salamu tuliitoa, na mzee akalalamika kwamba mashine imekosa heshima.

Suala la viatu lilikuwa lake tangu mwanzo. Wanaoingia kwenye misumeno wanaingia peku, kwa sababu soli hubeba changarawe, na changarawe ikikutana na chuma kinachozunguka inatoa cheche, na pamba inangoja cheche tu. Walikuwa wanaacha makatambuga yao popote, yale makubazi ya matairi ambayo huku hayaishi. Mama Majaribio akasema yawekwe juu ya meza ya kompyuta, mbele ya kibodi, ili mtu wa mezani asiweze kuandika bila kuyasogeza. Kisha akaniambia niongeze swali la mwisho: "Kuna viatu mezani?" Ni hapo tu, mtu akiandika H ya hapana, ndipo misumeno inazunguka.

Meneja alilalamika kuhusu harufu. Wageni wakija, alisema, wanakuta miguu ya watu kwenye ofisi ya kisasa. Mama Majaribio alimkatiza, kama kawaida yake, akamwambia aweke manukato. Mdogo wangu alipenda utaratibu ule kupita wote. Alikuwa anaweka makatambuga yake sawasawa, pua zikitazama skrini, na nikiwa nimekwenda kiwandani ananikonyeza, kisha anaingia. Nami nilikaa na roho mkononi mpaka nimwone amerudi kuyavaa.

Mama Majaribio alipoacha kazi, macho yakiwa yamechoka, alirudi Nkololo kwa mumewe na ng'ombe. Aliniachia sanduku la taa na Mkwilima. "Huyu anajua kujibu tu," alinionya. "Hajawahi kuona kiatu." Nilicheka. Kwenye sanduku la taa kweli hapakuwa na viatu, kwa hiyo kwa swali la mwisho Mkwilima alijibu H, kila siku ya maisha yake.

Sasa niseme kilichonipeleka Nkololo mara ya mwisho. Mzee wa mezani alistaafu. Meneja, badala ya kutafuta mwingine, aliniita akaniuliza kwa nini Mkwilima asihamishiwe kiwandani. Anajibu vizuri, alisema, hakosei, hachelewi, haombi ruhusa ya msiba. Fundi wake wa kompyuta alishachukua nakala. Kilichobaki ni neno langu, kama mwandishi wa programu, na alinipa mpaka Jumatatu. Nilijua jibu, lakini nilimwogopa meneja. Kiwanda kile kilikuwa ndicho kinachotulisha, mimi na mdogo wangu. Nikawaza, labda ipo njia, labda Mama ataniambia ipo njia. Jumamosi mchana nikapanda pikipiki.

Nilimkuta barazani anachambua choroko kwa kupapasa, kwa kuwa sasa alikuwa anaona vivuli tu.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu.

Akanyamaza, kama zamani. Nilisikia kengele za ng'ombe kwa mbali.

"Mwadila," akaitika hatimaye. "Karibu, mwanangu. Kwenu mhola?"

"Mhola duhu."

"Mdogo wako?"

"Mzima. Yuko kazini."

Aliacha choroko. "Umejuaje?"

Sikuwa nimezungumza na mdogo wangu tangu juzi. Nilijibu kwa sababu swali la namna hiyo hujibiwa hivyo. Mama hakunicheka wala hakunigombeza, na hilo lilinitia hofu kuliko kelele zake zote za Somanda.

"Mpigie," alisema.

Simu iliita sana. Nilikuwa karibu kuikata alipopokea, na sauti yake ilikuja na mwangwi, kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

"Kaka! Mhola?"

"Mhola. Wewe?"

"Mhola duhu, kaka. Tunasafisha."

Mama Majaribio alinyoosha mkono akanishika goti. "Muulize viatu viko wapi."

"Viatu vyako viko wapi?"

"Si mezani!" alicheka. "Unadhani nimesahau? Niko ndani huku, pamba imenasa vibaya."

"Na mezani kuna nani?"

"Hakuna mtu. Meneja amesema kuanzia leo inajijibu yenyewe, wanaitegesha saa. Lakini usihofu, viatu nimeviweka palepale mbele ya skrini. Itaviona."

Sijui nilipiga kelele gani. Ng'ombe wa karibu waligeuza shingo. Nilimwambia atoke, atoke sasa hivi, aache pamba, aache kila kitu, na yeye akaanza kuniuliza kwa nini, na nikamtukana tusi ambalo sijawahi kumtukana tangu tuzaliwe. Nafikiri ni tusi lile lililomtoa. Nilisikia simu ikigonga chuma, nguo zikikwaruza, pumzi yake, kitu kikianguka. Mama Majaribio alikuwa bado amenishika goti, kucha zake zimeingia kwenye suruali, na kwa mara ya kwanza hakunikatiza wala hakunimalizia neno.

Kisha nilisikia miguu peku kwenye sakafu ya saruji.

"Kaka, nimetoka. Niko hapa mezani. Sasa nimekosa nini, unanitukana..."

King'ora kililia nyuma yake. Kilikuwa kile kifupi nilichokiweka mimi, cha kutahadharisha. Baada yake ukaja mngurumo wa misumeno, kwanza mzito, halafu mwembamba, hadi ukafunika kila kitu.

"Mhola?" niliita. "Mdogo wangu, mhola?"

Hakuitika. Nilisikia anapumua. Nilisikia mpira wa tairi ukiburuzwa juu ya meza. Ilimchukua muda mrefu, naye si mtu wa kukawia kuitika salamu.

"Kaka," alisema mwishowe, kwa sauti ya utotoni. "Haikuviona."

Nilimwambia avivae, azime mashine kwa swichi kubwa ya ukutani, asiache mtu aingie tena, akae nje kwenye jua mpaka nifike. Nilimpigia meneja nikamwambia hapana. Sikungoja Jumatatu, wala sikumsikiliza alichokuwa akisema.

Mama Majaribio hakuwa amesikia kitu isipokuwa upande wangu wa mazungumzo. Alikuwa amenielekezea macho yake yasiyoona vizuri, choroko zimemwagika miguuni pake, na hakuziokota.

"Mhola?" aliniuliza.

Nilikaa kimya muda mrefu, nikiwaza kama kweli ni salama, ndipo nikamjibu.